Mwenye Mali Hutangulia

Gando la kaa kwa Kiingereza ni "the crab's claw". Maneno ni machache, lakini yanabeba tofauti iliyo kubwa kuliko zote baina ya Kiswahili na Kiingereza panapozungumzwa habari ya kumiliki. Kiswahili huanza na gando, kitu chenyewe, kisha hutazama gando liko katika ngeli gani ndipo kitoe "la". Ungekuwa mguu kingetoa "wa", yangekuwa macho kingetoa "ya", na kaa mwenye mguu na macho hayo haulizwi lolote. Kiingereza hufanya kinyume. Huanza na kaa, humpachika s yenye kialama kidogo mbele yake, ndipo kikataja gando. Na liwe gando, uwe mguu, yawe macho, ile s haibadiliki.

Kwa Kiswahili, basi, kitu ndicho kinachotawala. Kwa Kiingereza anatawala mwenye kitu. Aliyelishika hilo ameshika zaidi ya nusu ya somo la umilikishi, na makosa mengi yanayosahihishwa kwa kalamu nyekundu katika madaftari ya shule za Kilifi na Malindi hutokana na kulisahau.

Dabaso mfano wa kaa hautoki kitabuni. Mahali hapa pako karibu na Gede na Watamu, kando ya hori ya Mida. Maji yakipwa, kaa wadogo hutoka mashimoni kwenye tope la mikoko, dume na gando lake moja kubwa analolipunga kama anayemwita mtu aliye mbali. Kikundi cha wenyeji wanaotunza mikoko hiyo kina daraja la mbao lililopita juu ya tope na mkahawa wa kuuza sambusa za kaa. Kijana anayewatembeza wageni pale hutamka umilikishi wa Kiingereza mara nyingi kwa siku kuliko mwanafunzi aliye darasani, maana karibu kila anachoonyesha ni cha fulani: gando la huyu, kiota cha yule, mtego wa mvuvi.

Kanuni ya umoja yenyewe ni fupi. Mwenye kitu akiwa mmoja, jina lake huandikwa kwanza, likafuatwa na ritifaa na s: "Karisa's canoe", mtumbwi wa Karisa, "the fisherman's net", wavu wa mvuvi. Ritifaa ni ile alama ambayo mtoto wa Kenya hukutana nayo kwanza katika ng'ombe na ng'ambo, akaambiwa kuwa bila hiyo neno litasomwa vibaya. Baadaye huiona katika mashairi, imekaa pahali pa silabi iliyoliwa ili mizani itoshe. Kiingereza kimeipa kazi nyingine, na kuna wakati kazi hizo hukutana katika jina moja. Kitabu cha Ngugi wa Thiong'o ni "Ngugi wa Thiong'o's book". Ritifaa ya kwanza ni ya sauti, ile ya ng'. Ya pili ni ya kumiliki. Na kabla ya zote mbili lipo neno "wa", ambalo nalo linasema nani ni wa nani, ila limepita katika Kiingereza bila kutafsiriwa. Jina la mtu mmoja limebeba sarufi za pande mbili na hakuna anayeshangaa.

Mambo yakirefuka, mpangilio hugeuka wote. Kiswahili hutembea kutoka kwa kitu kuelekea kwa mwenyewe: mlango wa nyumba ya mwalimu. Msikilizaji huuona mlango, kisha nyumba, mwisho mwalimu anatokea. Mwingereza hupenda kumtanguliza mwalimu na kumpa nyumba yake, na mlango akauunganisha kwa njia nyingine: "the door of the teacher's house". Mke wa chifu wa Dabaso naye ni "the chief of Dabaso's wife", na hapo wengi hukwama, kwa sababu ritifaa imeangukia Dabaso ilhali mke si wa Dabaso, ni wa chifu. Kiingereza kimelichukua fungu zima la maneno, "the chief of Dabaso", kikalihesabu kama jina moja refu, na alama ikawekwa mkiani mwa fungu lote. Ritifaa haimtafuti mtu mwenyewe katikati ya maneno. Hutafuta mwisho wa jina lake.

Redioni somo hili lina taabu yake, kwa sababu ritifaa haisikiki. "The boy's goats" ni mbuzi wa mvulana mmoja, na "the boys' goats" ni mbuzi wa wavulana wengi; sikioni ni sauti ile ile, na hata Mwingereza aliyezaliwa London hawezi kuzitofautisha akiwa amefumba macho. Kiswahili kingekuwa kimeshamaliza kazi kwa kusema mvulana au wavulana. Ndiyo maana Kiingereza kimeing'ang'ania ritifaa katika maandishi: ulimi ulishindwa kutenganisha umoja na wingi, kalamu ikaachiwa mzigo. Kwa Mswahili upo mtego wa ziada. Ulimi uliozoea maneno yanayoishia vokali huimeza ile s ya mwisho, na "Karisa's house" ikatoka kama "Karisa house", jambo ambalo kwa Mwingereza linasikika kama jina la nyumba, si nyumba ya mtu.

Majina ya Kigiriama hayaleti usumbufu mwingine. Karisa, Katana, Kazungu, Sidi, Kadzo, Jumwa: yote huishia vokali na hupokea ritifaa na s bila ubishi. Usumbufu huanza pale jina la mwenyewe linapokuja likiwa na s yake tangu kuzaliwa, na katika eneo hili majina ya namna hiyo yamejaa, mengine yakiwa juu ya miti.

Jina la kima wa Gede ni mojawapo. Wageni wanaoingia kwenye magofu ya Gede hupokewa na kima waliozoea watu, wenye shingo nyeupe na macho yasiyobanduka kwenye ndizi ya mgeni. Jina lao la Kiingereza linatokana na William Henry Sykes, mwanajeshi na mtaalamu wa wanyama aliyetumikia India na aliyemweleza kima huyo katika maandishi ya kisayansi mwaka 1831. Sykes: s ya mwisho ni ya ukoo wake. Kima wake ni "Sykes's monkey" au "Sykes' monkey", na njia zote mbili zinakubalika. Lakini katika vijitabu vya watalii na kwenye mitandao hupatikana pia "Syke's monkey", nayo haikubaliki kabisa, kwa kuwa inadai kwamba mwenye kima aliitwa Syke. Ritifaa imepandishwa herufi moja tu kwenda kushoto, na mtu amenyang'anywa jina.

Hali ya paa nunga ni mbaya zaidi. Huyu ni paa mdogo, adimu, wa rangi nyekundu-kahawia, anayeishi Zanzibar na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, Arabuko-Sokoke ukiwa mmojawapo, ambao kutoka Dabaso uko upande wa pili wa barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Kisayansi alipewa jina mwaka 1918 na Oldfield Thomas, kwa heshima ya mtaalamu wa baiolojia aliyekuwa akiitumikia serikali ya Zanzibar, W. Mansfield-Aders. Jina la Kilatini, Cephalophus adersi, limeihifadhi s yote ya Aders. Jina la Kiingereza halikubahatika hivyo. Vitabu vingi vizuri, pamoja na maandishi ya watu wa uhifadhi wanaoijua kazi yao, huandika "Ader's duiker", na hivyo humtaja mtu asiyekuwapo. Sahihi ni "Aders's duiker" au "Aders' duiker". Kosa hili halitokani na ujinga wa Kiingereza, kwani walioanza kulieneza ni wenye Kiingereza chao. Linatokana na jicho lililozoea: likiona s mwishoni mwa jina la mwenye kitu hudhani ni ile s ya kumiliki, likaipigia ritifaa mbele.

Dawa yake ni moja, na inafanya kazi kila mara. Kabla ya kuandika ritifaa, huulizwa: mwenyewe anaitwa nani? Jina lake huandikwa lote, hadi herufi ya mwisho, kama lilivyo katika kitambulisho. Ritifaa hufuata, haitangulii wala haiingii ndani ya jina. Mnana anayepatikana katika kaunti ya Kilifi peke yake, na ambaye viota vyake havikuonekana na wataalamu hadi mwaka 2013 huko Dakatcha, huitwa "Clarke's weaver". Mwenyewe anaitwa nani? Clarke. Ritifaa imekaa baada ya e. Hakuna la kubishania.

Linalobaki kubishaniwa ni kama baada ya Sykes, Aders, James na Gladys iongezwe s nyingine au ritifaa peke yake inatosha. Waingereza na Wamarekani wenyewe hawajapatana. Mwongozo wa Chicago, unaofuatwa na wachapishaji wengi wa vitabu, hutaka s iongezwe: "James's". Mwongozo wa shirika la habari la Associated Press hutaka ritifaa tupu: "James'". Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya jimbo la Kansas. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika maoni ya walio wengi, aliandika "Kansas' statute", na Jaji David Souter, aliyepinga, akaandika "Kansas's statute". Walipingana juu ya sheria, na juu ya ritifaa vilevile, katika faili moja.

Pwani ina jozi yake ya majina inayoonyesha ubishi huo vizuri. James Kirkman ndiye mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948, magofu yaliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Baadaye alikwenda Mombasa kuisimamia ngome ya Fort Jesus. Uchimbaji wake huandikwa na wengi "James's" na kutamkwa kwa silabi ya ziada, kama "jemzizi" iliyokatwa vokali ya mwisho. Lakini jina la ngome aliyohamia hupewa heshima nyingine. Desturi ya zamani ya Kiingereza, hasa kanisani, huandika "Jesus'" na "Moses'" bila s ya pili, kwa sababu majina ya kale ya Biblia yalionekana kuwa magumu kutamkwa yakiongezewa sauti nyingine ya s. Siku hizi wako wanaoandika "Jesus's" bila wasiwasi. Mwandishi mwenye busara huchagua njia moja na kuifuata tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kuchanganya ndiko kunakochukiza.

Ritifaa haikuwapo tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale mfalme aliitwa "cyning", na kitu cha mfalme kilionyeshwa kwa kumwongeza mfalme kiambishi: "cyninges". Vilikuwapo viambishi vingine vya kumiliki kwa maneno ya aina nyingine, lakini hiki cha -es ndicho kilichovimeza vyote. Miaka ikapita, e ikapotea mdomoni, na wachapaji wa karne ya 16 walipoiazima ritifaa kutoka kwa wenzao wa Ulaya bara, ambako ilitumika kuonyesha herufi iliyoangushwa, wakapata pa kuiweka. Kwa hiyo kazi ya ritifaa katika "king's" haiko mbali na kazi yake katika shairi la Kiswahili: hapa palikuwa na sauti, sasa haipo. Kiswahili nacho hukata maneno ya kumiliki, hasa ya jamaa. Mwana wangu akawa mwanangu, mke wake akawa mkewe, ndugu yake akawa nduguye, mama yake akawa mamake. Tofauti ni kwamba Mswahili alikata na kuunga bila kuacha kovu.

Katika karne ya 17 ilienea nadharia kwamba s hiyo ni mabaki ya neno "his", kana kwamba watu zamani walisema "mfalme nyumba yake". Wako walioandika hivyo kweli, na mwandishi mashuhuri Joseph Addison aliitetea fikra hiyo mwaka 1711. Ilikuwa na kasoro moja ambayo mtoto angeiona: nyumba ya malkia ni "the queen's house", na malkia hawezi kuwa "his".

Hilo linaleta "his" na "her", na hapa utawala wa mwenye kitu unaonekana waziwazi. Kiswahili kina -ake. Kadzo na mumewe, Karisa na mkewe, kaa na gando lake: kiambishi hakijali kama mwenyewe ni mwanamke, mwanamume au mnyama, kwa kuwa kimeshughulika na ngeli ya kitu. Kiingereza hakijui ngeli, ila kinataka kujua jinsia ya mwenyewe. Kadzo na mumewe ni "Kadzo and her husband". Mwanafunzi akiandika "Kadzo and his husband", mara nyingi amefuata akili ya Kiswahili kwa uaminifu: amemtazama mume, akaona ni mwanamume, akaandika "his". Amekitazama kitu badala ya mwenyewe.

Ajabu ni kwamba vijana wa Malindi na Watamu, ambao wengi wamejifunza Kitaliano ufuoni bila kukalia dawati, hawapati taabu hiyo wanapozungumza na Wataliano. Kitaliano husema "il suo libro" kwa kitabu na "la sua casa" kwa nyumba, na "suo" ikageuka "sua" kwa sababu ya nyumba, si kwa sababu ya mwenye nyumba. Nyumba ya Karisa ni "la casa di Karisa", neno kwa neno kama Kiswahili, nyumba mbele na Karisa nyuma. Katika jambo hili Mtaliano na Mgiriama wanakaa mkeka mmoja, na Mwingereza ndiye mgeni.

Asiye mwanamume wala mwanamke hupewa "its", na hapo ndipo penye kosa lililoenea duniani kote, London na Nairobi sawia. Kaa ana gando lake: "its claw", bila ritifaa. Huyu ni kaa: "it's a crab", kwa ritifaa, kwa sababu ni "it is" iliyobanwa. Kijana wa daraja la Mida akimwona kaa aliyepoteza gando angeweza kuandika "it's lost its claw", na zote mbili zingekuwa sahihi: ya kwanza imebana "it has", ya pili inamiliki. Jaribio la haraka ni kuitandua. Kama "it is" au "it has" inaingia na sentensi inaeleweka, ritifaa iwepo; kama haiingii, isiwepo. Wanaokosea wana udhuru fulani wa kihistoria. "Its" ni neno changa; Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilipotoka haikuwa nalo, na kitu kilipewa "his" kama mtu. Lilipoenea, wachapaji wengi waliliandika kwa ritifaa kwa muda mrefu kabla ya desturi kugeuka.

Kanuni iliyobaki ni rahisi: maneno yanayosimama badala ya mwenyewe kwa kawaida hayavai ritifaa. "His", "hers", "its", "yours", "ours" zote ni tupu. Kiswahili hutumia neno moja pande mbili, nyumba yangu na nyumba hii ni yangu. Kiingereza hugawa, "my house" lakini "this house is mine", "her house" lakini "this house is hers". Kwa upande mwingine Kiingereza kimepoteza kitu ambacho Kiswahili bado kinacho. "Your" ni yako na ni yenu pia. Zamani lilikuwapo "thy" la mtu mmoja, lakini limebaki katika sala na vitabu vya kale.

Pana mtego mwingine unaotoka upande wa Kiswahili. Kile kiunganishi chake cha -a hakikuumbwa kwa kumiliki peke yake. Chai ya maziwa, mtu wa pili, mwalimu wa Kiswahili, nyumba ya makuti, magofu ya Gede: hakuna hata mmoja hapo anayemiliki kitu. Maziwa hayana chai. Anayegeuza kila -a kuwa ritifaa na s huishia na "milk's tea", na anayegeuza kila -a kuwa "of" huishia na "tea of milk", na Mwingereza atakunywa bila kujua amekunywa nini. Kiingereza hapo hugonganisha majina mawili makavu, "milk tea", "Gede ruins". Kwa vitu visivyo na uhai hupendelea "of", kama "the roof of the house", paa la nyumba. Ritifaa huiweka kwa watu na wanyama kwanza, ingawa huikaribisha kwenye nchi na miji, na kwenye muda: "today's newspaper" ni gazeti la leo, "a day's work" ni kazi ya siku moja.

Lakini upo mlango mmoja ambapo lugha hizi mbili hukutana bila kutarajiwa. Malindi ina mitaa iitwayo Kwa Chocha na Kwa Jiwa. "Kwa" hiyo inamtaja mtu na kukiacha kitu chake: ni kwake, na kila mtu anajua panapokusudiwa. Kiingereza kina umbo lile lile. Kwa daktari ni "at the doctor's", na neno la nyumba au zahanati halitajwi. Ritifaa na s zimebaki zinaning'inia, zinatosha. Anayefahamu Kwa Chocha ameshaifahamu "at Chocha's".

Majina ya watu hayakubali kirahisi hivyo. Shujaa wa Wagiriama aliyewachochea watu wake wakatae utawala wa Waingereza mwaka 1913, na ambaye sanamu yake iko Malindi, anajulikana kwa jina la Mekatilili wa Menza. Jina lina umilikishi mara mbili: Me- ya mwanzo inamfanya mama wa Katilili, na "wa" inamfanya binti wa Menza. Kwa Kiingereza ingebidi kusemwa "Katilili's mother, Menza's daughter", na ingekuwa maelezo, si jina. Hivyo ndivyo alivyo Mama Karisa wa kila kijiji. Akiandikwa "Mama Karisa" katika barua ya Kiingereza, msomaji wa mbali atadhani Karisa ni jina lake mwenyewe. Akiandikwa "Karisa's mother", maana imefika lakini heshima imebaki njiani.

Mabango ya barabarani yana sheria zao. Bonde la udongo mwekundu la Marafa, linaloitwa Nyari na wenyeji, limeandikiwa watalii "Hell's Kitchen", na ritifaa iko mahali pake. Hoteli ya Watamu inayobeba jina la Ernest Hemingway, aliyefika pwani hii katika miaka ya 1930, huandikwa "Hemingways", bila ritifaa. Kitabu cha sarufi kingedai alama, lakini jina la biashara ni la mwenye biashara. Duka la vitabu la Waterstones la Uingereza liliiondoa ritifaa yake mwaka 2012 kwa hiari. Katika treni za chini za London, vituo viwili vinavyofuatana huandikwa kimoja "Earl's Court" na kingine "Barons Court", na abiria wanafika tu. Marekani bodi ya majina ya mahali, iliyoundwa mwaka 1890, hairuhusu ritifaa ya kumiliki katika ramani zake, na imeyasamehe majina matano peke yake, likiwamo "Martha's Vineyard".

Ramani ikikosa ritifaa haimdhulumu mtu. Jina lililokatwa linamdhulumu. Kwa hiyo atakayepewa kazi ya kuandika kibao kipya cha Arabuko-Sokoke, chenye picha ya paa nunga, aliandike kwanza jina la yule mtaalamu wa Zanzibar kwa herufi zake zote tano, A-d-e-r-s, ndipo ainue kalamu kuweka ritifaa.